Sura ya Sita: Shamba Mbele ya Bodi

Mtu mwenye hati miliki ya shamba nchini Kenya, hati yenye mhuri wa serikali na nambari ya daftari, aghalabu huamini kwamba ardhi ile ni yake kama kanzu aliyoivaa, ya kuichana na kuishona apendavyo. Na imani hiyo hudumu mpaka siku atakapotaka kulikata shamba lake vipande vipande na kuviuza kwa watu wa kujenga nyumba, ndipo atakapotambua kwamba baina yake na wanunuzi wameketi watu wengi, kila mmoja na mhuri wake, na kwamba pasipo idhini yao mapatano yake yote, hata yakiwa yameandikwa na wakili na kushuhudiwa na wazee, ni karatasi batili. Sura hii inawahusu watu hao: ni kina nani, sheria imewatuma kuuliza nini, wao wenyewe huuliza nini hasa, na ni swali gani ambalo hakuna aliyetumwa kuliuliza.

Milango ya kupita ni miwili. Wa kwanza ni bodi ya kudhibiti ardhi, ambayo raia huiita bodi tu, na ambayo huketi chini ya uenyekiti wa ofisa wa utawala, yule aliyerithi kiti cha mkuu wa wilaya wa zamani, akiwa na maofisa wachache wa serikali pamoja na wazee wenyeji, ambao wengi wao ni watu wa mashamba. Wa pili ni idara ya mipango ya kaunti, yenye wapangaji na wahandisi wake, ambako mambo huenda kwa ramani na kwa barua. Bodi ni kongwe kuliko idara, tena ina haiba zaidi machoni pa watu, kwa sababu mbele ya bodi mtu huitwa kwa jina lake, husimama, na hujibu kwa kinywa chake mwenyewe.

Bodi ilizaliwa na hofu, na hofu hiyo ina tarehe. Mwaka 1954, wakati nchi ya Wakikuyu imo katika Hali ya Hatari, ofisa mmoja wa idara ya kilimo ya serikali ya kikoloni, R. J. M. Swynnerton, aliandika mpango wa kukigeuza kilimo cha Waafrika, na nguzo moja ya mpango huo ilikuwa kuvikusanya vishamba vilivyotapakaa, kimoja bondeni na kingine juu ya kilima cha pili, ili kila mwenye ardhi awe na shamba moja lililopimwa na kuandikishwa, apate hati, na kwa hati hiyo apate mkopo, apande kahawa na kufuga ng'ombe wa gredi. Kazi ile ilifanywa ilhali watu wamelazimishwa kuhamia vijijini na maelfu ya wanaume wamo kizuizini, kwa hiyo wako waliotoka kifungoni wakakuta mipaka imekwisha kuwekwa nao hawapo, na manung'uniko ya siku zile hayajazimika katika nyumba nyingi za Murang'a na Kiambu. Lakini serikali, baada ya kugharimika kwa kukusanya, ilishikwa na wasiwasi mwingine: kwamba kile kilichokusanywa kwa taabu kitatawanywa tena kwa urithi na kwa biashara, baba akigawia wana wanne, na kila mwana akiwagawia wake. Ndiyo maana udhibiti wa mauzo na ugawaji ukawekwa tangu siku za ukoloni, na uhuru ulipokuja haukuuondoa. Badala yake Bunge la Kenya lilitunga Sheria ya Kudhibiti Ardhi, iliyoanza kutumika tarehe 12 Desemba 1967.

Sheria hiyo ni fupi na ni kali. Kila muamala wa ardhi ya kilimo katika maeneo yaliyotajwa, ukiwa ni kuuza, kukodisha, kuweka rehani au kugawa shamba liwe na hati mbalimbali, hauna nguvu yoyote mpaka bodi itoe idhini, na ombi la idhini linatakiwa lipelekwe katika muda wa miezi sita tangu mapatano kufanywa; muamala usioidhinishwa huwa batili, na fedha zilizolipwa hudaiwa kama deni lolote. Bodi inaposhauriana yapasa ipime athari ya jambo lile kwa ustawi wa ardhi yenyewe na kwa ukulima mwema, nayo imeamriwa ikatae ikiwa mnunuzi si raia, au ana ardhi ya kumtosha tayari, au masharti ya bei yamemdhulumu dhahiri mmoja wa wahusika. Na kwa habari ya ugawaji, ikatae ikiwa kukatwa kwa shamba kutapunguza mazao yake. Atakayeona amedhulumiwa ana siku 30 za kukata rufani kwa bodi ya juu.

Msomaji atakayezitazama hoja hizo kwa utulivu ataona kwamba zote ni hoja za jembe. Waliotunga sheria walikuwa wakimwogopa mwana wa nne ambaye angepewa kishamba kisichoweza kumlisha, na ofisa aliyenunua ekari mia akaziacha zimee magugu. Hapana hata mmoja aliyemfikiria karani wa Nairobi anayetaka futi 50 kwa 100 za kusimamisha nyumba ya vyumba vitatu, wala dalali anayenunua ekari 40 kwa mpigo mmoja ili aziuze kwa thumuni thumuni. Kwa mtu wa aina hiyo swali la mazao ni swali lisilo na maana, kwa kuwa yeye hakuja kulima, na shamba analolinunua huenda halijapandwa kitu tangu dunia iumbwe isipokuwa majani ya kulisha mifugo. Bodi ikimuuliza kama ugawaji wake utapunguza mazao, hujibu kwa utulivu kwamba hapana mazao ya kupunguzwa, na jibu lake huwa kweli.

Hata hivyo bodi haikukaa bure. Siku ya kikao jamaa hufika mapema, baba na mama na watoto waliokwisha kupata vitambulisho, wakakaa kwenye mabenchi ya nje pamoja na mnunuzi, huku dalali akisimama kando kidogo kama mtu asiyehusika. Wakiitwa huingia wote. Mwenyekiti hutazama hati na fomu, kisha humwacha mume na kumgeukia mke. "Mama, unajua kwamba mzee anauza?" "Ninajua." "Mmekubaliana?" "Tumekubaliana." "Na nyinyi mtabaki mkiishi wapi?" Hapo ndipo huzuka mambo, kwa maana yako majibu ambayo huchelewa kutoka, na wako watoto ambao hutazama chini, na yuko mama ambaye huanza kulia kabla ya kusema neno, na bodi yenye wazee wenye insafu hulisogeza jambo lile mbele, ikamwambia mzee arudi nyumbani akazungumze na watu wake. Sheria ya 1967 haikumtaja mke wala mtoto popote katika hoja zake. Ulikuwa ni mwenendo wa utawala uliozoeleka mwaka baada ya mwaka, mpaka Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 ilipokuja kuipa ridhaa ya mume au mke nguvu ya kisheria.

Rai yangu ni kwamba hili ndilo jambo jema kupita yote ambalo bodi imelifanya, nalo imelifanya nje ya maandishi yake. Wako wanawake wengi katika nchi hii ambao bado wana paa juu ya vichwa vyao kwa sababu tu mtu fulani mezani aliuliza swali lile la tatu. Lakini wema huo una mpaka, na mpaka wenyewe ni ukuta wa nyumba: bodi imejifunza kuuliza kama jamaa wamekubaliana, na wakikubaliana, huona kazi yake imekwisha. Majirani hawaitwi, wala mwenye mifugo anayepita pale wakati wa kiangazi, na wale watu watakaokuja kuishi juu ya shamba lile hawana pa kusimama mbele ya meza, kwa kuwa bado hawajulikani. Mtu mwenye haraka, tena, huweza kuomba kikao maalumu kwa kulipa ada kubwa zaidi, na kikao cha namna hiyo, kwa tabia yake, huwa na macho machache kuliko siku ya kawaida.

Mahali palipoonyesha mpaka huo wazi kupita pengine popote ni tambarare za Kaputiei, kusini ya Nairobi, katika kaunti ya Kajiado, ambazo sehemu yake ya kaskazini hujulikana na watu wote kwa jina la Kitengela. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, ya kwanza nchini, ina eneo la kilomita za mraba 117 tu. Imezungushiwa ua upande wa mji, lakini upande wa kusini iliachwa wazi kando ya mto Mbagathi, kwa sababu nyumbu na punda milia wake hawakuwa wake peke yake: mvua zikinyesha walikuwa wakivuka mto na kutawanyika katika tambarare za Wamaasai, na kiangazi kikikaza wakirudi mbugani penye maji. Wamaasai wa Kaputiei nao walikuwa wakienda kwa kanuni hiyo hiyo, wakihamisha ng'ombe kufuata mvua, na kwa muda mrefu mifugo na wanyama pori walishirikiana majani yale pasipo mtu kuhitaji ramani.

Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya ranchi za vikundi, ambayo iliwaandikisha Wamaasai wa mahali pamoja kuwa wamiliki wa shirika wa eneo moja kubwa, chini ya wawakilishi waliowachagua. Matumaini yalikuwa makubwa na matokeo yakawa haba. Wawakilishi wakashutumiwa, vijana wakalalamika kwamba wameachwa nje ya daftari, wanachama wakatamani kila mtu awe na hati yake ya kuombea mkopo, na hofu ya kunyang'anywa, ambayo kwa watu waliohamishwa kwa mapatano ya 1904 na 1911 haikuwa hofu ya kipuuzi, ikawasukuma waseme kwamba ardhi yenye jina la mtu mmoja ni ngumu zaidi kuibiwa kuliko ardhi yenye jina la wote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikagawanywa. Kila mwanachama akapata ekari zake. Na ugawaji huo wa kwanza haukumdhuru nyumbu hata mmoja, kwa maana mipaka ilikuwa ya mawe ya soroveya tu, na mnyama haoni jiwe la soroveya.

Kisha mambo yakaja kwa pamoja. Sheria ya mwaka 1990 ilianzisha maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, na kubwa la maeneo hayo likajengwa Athi River, mlangoni pa Kitengela; wafanyakazi wakahitaji vyumba. Barabara kuu ya kwenda Namanga ilikuwa hapo hapo. Nairobi ikawa ghali, na mtu wa mshahara wa wastani akatambua kwamba akiba yake ya chama au ya ushirika, ambayo mjini haingemnunulia hata mahali pa kusimamisha kibanda, huko tambarareni ingempa kiwanja kizima chenye hati. Kwa upande wa muuzaji palikuwa na ukame uliomaliza ng'ombe, karo za shule, na gharama za hospitali. Sioni wa kulaumiwa hapa, na namtilia shaka kila mwandishi anayemwona. Mfugaji aliyeuza ekari 5 ili mwanawe asome, na mwalimu aliyezinunua pamoja na wenzake ili waache kulipa kodi ya nyumba, wote wawili walifanya jambo ambalo mimi na msomaji tungelifanya.

Tuchukue, kwa mfano wa kufikirika, shamba la ekari 40. Kwa hesabu ya karatasi hutoa viwanja 320 vya thumuni ya ekari, na zikitolewa barabara hubaki pungufu ya 300. Ombi hili linapofika mbele ya bodi huwa halina kasoro: jamaa wameridhika, bei si ya dhuluma, wanunuzi ni raia, shamba halikuwa likilimwa. Likiidhinishwa, halitaikausha Kitengela wala kuifunga njia ya wanyama, kwa kuwa ekari 40 katika tambarare ile ni kama si kitu. Ombi la jirani yake nalo lina sifa hizo hizo, na la tatu, na la hamsini. Na hata ombi la mwisho, lile litakaloziba upenyo wa mwisho uliobaki kati ya ua na ua, litakuwa dogo na halali kama la kwanza, na bodi itakayolikataa itaulizwa kwa haki ni kwa nini imekuwa kali kwa mtu huyu ilhali ilikuwa laini kwa wenzake wote. Madhara yalikuwa katika jumla, na jumla haikuwahi kuletwa mezani. Nyumbu wa tambarare zile, waliohesabiwa kwa makumi ya maelfu mwishoni mwa miaka ya 1970, walibaki maelfu machache tu miongo mitatu baadaye.

Yawezekana msomaji wa mjini asimjali sana nyumbu. Basi na ayatazame maji. Udongo wa Kitengela kwa sehemu kubwa ni ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, ambao maji hayapenyi kwa urahisi, nayo mvua za huko ni chache na hazina ahadi. Katika viwanja karibu 300 kila mmoja huchimba shimo lake la maji machafu, na katika kila viwanja kadhaa mmoja mwenye uwezo huchimba kisima kirefu cha kuwauzia wenziwe, na wasiofikiwa na kisima hungoja boza. Msoroveya aliyekata viwanja vile hakukosea hata inchi moja. Ila hakuna aliyemwagiza apime chini.

Hapa ndipo ulipopasa kuja msaada wa mlango wa pili. Idara za mipango nazo zina nasaba yake: kanuni za matumizi ya ardhi za mwaka 1961, zilizotungwa ukoloni unakaribia kufunga virago na zenye harufu ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1947 iliyoweka ujenzi wote wa mijini na mashambani chini ya idhini, zikafuatwa na sheria ya mwaka 1996, nayo ikafuatwa na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Kwa mujibu wa sheria hizi hapana ugawaji wala ubadilishaji wa matumizi, kutoka kilimo kuwa makazi, pasipo kibali cha kaunti. Mwombaji huleta ramani iliyochorwa na mpangaji aliyesajiliwa, ikionyesha barabara za kuingilia na upana wake, na ofisa huipeleka kwa wenzake wa maji, wa afya na wa barabara ili watoe maoni. Kwa ubadilishaji wa matumizi hutangazwa pia gazetini na ubao husimamishwa mahali penyewe, ili mwenye pingamizi aseme.

Katika karatasi, utaratibu huu unatosha kabisa kuuliza yale ambayo bodi haiyaulizi. Taabu iko katika utendaji. Tangazo huandikwa Kiingereza katika gazeti ambalo mchungaji wa tambarare zile halisomi, ubao husimama mbele ya shamba kando ya njia ambayo majirani hawapiti, na maofisa wanaoulizwa maoni huwa wachache kuliko mafaili. Tena sheria ya 2019, kwa nia njema ya kumlinda mwananchi na ofisa mzembe, imeweka kwamba mwombaji asiyepata jibu la maandishi katika siku 60 atahesabiwa kuwa amekubaliwa. Naelewa chimbuko la shuruti hiyo. Yeyote aliyewahi kufuatilia faili katika ofisi ya umma ataielewa pia. Lakini kwa habari ya ugawaji wa mashamba ina athari ya ajabu, maana yake ni kwamba ofisi iliyozidiwa na maombi, ambayo kwa hakika ni ofisi ya mahali panapokatwa kwa kasi kupita pengine, ndiyo itakayoidhinisha mengi zaidi pasipo kuyasoma.

Isidhaniwe kwamba watu wa Kitengela walikaa kimya wakitazama. Kuanzia mwaka 2000 uliendeshwa mpango wa hiari ambao mwenye ardhi aliyekubali kutozungusha ua, kutouza, na kuwaacha wanyama wapite, alilipwa shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, na jamaa nyingi zilijiandikisha, zikipokea fedha hizo nyakati za karo. Ilikuwa fedha ndogo ukiilinganisha na bei ya dalali, na hakuna aliyeghafilika na hilo. Lakini ilikuwa na heshima ya pekee, kwa kuwa ilimlipa mtu kwa kuendelea kuwa alivyokuwa. Kisha, kabla ya kuingia kwa serikali za kaunti, vijana wa Kimaasai walishirikiana na watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo iliyoko Nairobi, wakazunguka tambarare na vyombo vya setilaiti mkononi, wakaupima kila ua walioukuta. Walichokileta ilikuwa ni ile jumla iliyokosekana. Kwa mara ya kwanza wazee waliona katika karatasi moja kile ambacho kila mmoja wao alikijua kipande kipande, kwamba ua wa fulani na ua wa fulani, ambazo kila mmoja uliwekwa kwa sababu nzuri, zimekutana.

Kwa nguvu ya ramani hiyo vyama vya wenye ardhi vilidai mpango, vikashauriana na maofisa wa mipango na baraza la serikali za mitaa la Olkejuado la siku zile, hata ukapatikana mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto, uliotenga wapi mji uruhusiwe kukua na wapi tambarare ibaki ya malisho, katika vipande vikubwa. Nimekaa na jambo hili kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba upangaji ni anasa ya maofisa inayowekwa juu ya vichwa vya wenyeji. Hapa wenyeji ndio waliougonga mlango, nao waliomba wawekewe mipaka wao wenyewe. Mpango haukuzuia kila kitu. Wako waliouza ndani ya eneo la malisho baada ya kutia sahihi, na ziko idhini zilizotoka kana kwamba ramani ile haikuchorwa. Lakini tangu hapo aliyetaka kupinga alikuwa na kitu cha kunyooshea kidole.

Mahakama nazo zimeongeza fundo. Tulisema kwamba muamala usio na idhini ya bodi ni batili. Sasa fikiri juu ya watu walionunua viwanja, wakalipa, wakajenga, wakazaa watoto, na baada ya miaka mingi muuzaji akawageukia na kuwaambia watoke, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kwenda kuomba idhini. Kesi ya namna hii ilifika mbele ya Mahakama ya Rufani ikiwa na wanunuzi zaidi ya 80, na mwaka 2014 majaji wakaamua kwamba muuzaji hawezi kuifanya taksiri yake kuwa ngao yake. Ardhi ile aliishika kwa amana ya wanunuzi, na insafu ikaishinda herufi ya sheria. Mwaka 2018 mahakama hiyo hiyo ilishikilia msimamo huo katika kesi nyingine. Hukumu hizi ni za haki, na sijui mtu mwenye moyo ambaye angetaka zitoke kinyume. Hata hivyo zimeacha nyuma yake jambo ambalo madalali wamelifahamu upesi kuliko mawakili: kwamba kiwanja kilichokwisha kujengwa na kukaliwa kina nguvu ya kujitetea, idhini iwepo au isiwepo, na kwamba aliye na haraka ya kuweka watu juu ya ardhi ana faida kuliko anayengoja kikao.

Iko rai inayosema dawa ni kuweka kiwango cha chini cha ekari. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 68, iliagiza Bunge lipange viwango vya chini na vya juu vya ardhi ya mtu binafsi, na mswada wa jambo hilo uliandikwa mwaka 2015, ukazua kelele, na haukuwa sheria. Sikuhuzunika sana. Kiwango kimoja kwa nchi nzima ni kipimo kisichomjua mtu, maana ekari 2 zenye chai katika Kisii humlisha mtu na nyumba yake, na ekari 20 za Isinya katika mwaka mbaya hazimlishi mbuzi. Na mwenye kishamba kidogo aliyekatazwa kuuza nusu yake ili alipe hospitali atalazimika kuuza chote. Mkazo uwekwe mahali pengine, napo ni padogo na hapana gharama kubwa: ombi la ugawaji lisisomwe peke yake. Mbele ya bodi na mbele ya mpangaji wa kaunti iwekwe ramani ya eneo zima, yenye idhini zote zilizokwisha kutolewa, visima vyote vilivyokwisha kuchimbwa na nyua zote zilizokwisha kusimama, na mwombaji wa ekari 40 aonyeshe maji ya nyumba 300 yatatoka wapi na machafu yatakwenda wapi, kama vile mzee anavyotakiwa leo aonyeshe mkewe ameridhia. Vijana wa Kitengela walikwisha kuthibitisha kwamba ramani ya namna hiyo yaweza kutengenezwa na wenyeji.

Maofisa watasema hili litachelewesha kazi, nao wana haki kusema hivyo, kwani siku 60 ni chache. Basi siku hizo zianze kuhesabiwa baada ya tangazo kusomwa, na kusomwa kwenyewe kusiwe gazetini tu, bali chifu alisome barazani na siku ya soko la mifugo, kwa Kimaasai na kwa Kiswahili, akitaja shamba, ekari zake, idadi ya viwanja na kisima kilichokusudiwa, na majina ya watakaopinga yaandikwe papo hapo na kupelekwa katika bodi pamoja na fomu ya mwombaji.